Siku Motari Aliposhuka

Motari wa Mokua alikuwa mtu wa juu. Ndivyo walivyomwita kwenye mashimo ya dhahabu nyuma ya Migori, na ndiko nilikomjua, nikipeleka kamba. Nilikuwa nasokota kamba za katani na kuzitembeza, leo Migori, kesho kutwa Rodi Kopany, wiki nyingine Mbita kwa watu wa mitumbwi. Kamba ni kitu ambacho mtu hanunui kwa haraka. Anaivuta, anainusa, anakaa chini kwanza. Kwa hiyo nilikuwa nakaa sana na watu, na Motari nilikaa naye kuliko wengi.

Shimo la dhahabu ukiliona halikutishi. Ni tundu tu la kupita mtu mmoja, mabega yakigusa udongo. Linashuka, linashuka, halafu huko chini linapinda kufuata mwamba, na mchimbaji anatambaa na tochi yake mpaka mahali ambapo mchana haufiki. Juu anabaki mtu mmoja na kamba iliyozungushwa kwenye gogo. Watu wa mbali hudhani kazi yake ni kuvuta. Kuvuta ni kidogo. Kazi yake ni kusema.

Anasema mchana kutwa, ameinamia shimo. Hasemi habari za shimo. Wala hamuulizi aliye chini kama yupo, maana swali hilo pale halitamkwi, wanaona ni kama kuita jambo lije. Anasema yaliyo juu. Jua limefika kwenye ule mti wenye mzinga. Mama wa samaki amepita, leo ana mbuta. Mbwa wako amelala kwenye karai. Sauti inashuka polepole kama maji yanavyoshuka ukutani, na aliye chini anajibu kwa kamba. Akivuta mara moja, maana yake nipo, nakusikia. Mara mbili, shusha ndoo. Mara tatu, nitoe. Na hiyo ya tatu ikija hakuna kufikiri, mikono inavuta yenyewe mpaka kichwa cha mtu kitokee.

Mchimbaji wake aliitwa Bichage. Siku moja tukiwa tumekaa watatu aliniambia, "Mzee, huyu akinyamaza, hewa ya kule inakuwa nzito. Siwezi kukueleza. Akianza tena, napumua."

"Na yeye mbona hashuki?" nikauliza.

Bichage akacheka mpaka akashika tumbo. "Huyo? Tulimshusha siku aliyotoka Kisii. Udongo ulipomfika kifuani akalia kama mwana-mbuzi. Tukamtoa. Tangu siku hiyo ni mtu wa juu."

Motari alikuwa anasikia yote. "Na wewe ungeongea na nani?" akamwambia.

Hapo mashimoni alikuwa akija msichana wa Kikuria, Nyamoita, na ndoo ya uji kichwani. Wachimbaji walikunywa wakaondoka, yeye alibaki akisikiliza yale maneno yanayoingia ardhini. Sijui alikuwa anasikia nini. Labda alikuwa anaona tu ajabu, mwanamume mzima anasimulia shimo habari za mawingu. Motari naye akaanza kumtia kwenye habari. "Nyamoita amefika," anasema ndani ya shimo. "Leo amefunga kitambaa cha kijani. Anacheka, sijui anacheka nini." Na kamba inavutwa mara moja. "Ameweka ndoo chini. Ana shingo ndefu, Bichage." Kamba mara moja. Wakaendelea hivyo msimu mzima wa kiangazi, mpaka wakaoana, na Bichage alikuwa akiwaambia watu kwamba ni yeye aliyeposa, na aliposa kwa kamba.

Nyamoita hakutaka maisha ya mashimo. Mwaka wa tisini na tano wakahamia Rodi Kopany, wakapanga chumba nyuma ya duka la nguo la Fardowsa, mama mmoja Msomali mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi. Motari akawa muuza ndizi. Gari la Kisii linamshushia mikungu alfajiri, anaipakia kwenye mkokoteni, anaisukuma sokoni. Lakini ile tabia haikumwacha. Ukipita kwenye meza yake utamkuta anasema peke yake, polepole, gari lile limejaa, yule mtu amenunua jembe, na Nyamoita ameegemea gunia nyuma yake amefumba macho. Watu wa soko walimwita redio ya Kisii.

Mwaka uliofuata Nyamoita akawa mjamzito, na hapo nikaanza kumwona Motari hali chakula vizuri.

Nyamoita alikuwa na dada. Huyo dada alipatwa na uchungu kwao, mbali kule upande wa Kehancha, siku ambayo watu wote walikuwa wameenda kuvuna. Walirudi jioni wakamkuta ameshapoa. Nyamoita hakuwa mtu wa kusimulia jambo hilo. Alisema neno moja tu, na Motari aliniambia alilisema usiku na asubuhi, hata akiwa anamenya ndizi.

"Sitaki hospitali kubwa, sitaki kitu. Sitaki tu kuwa peke yangu. Mtu awe hapo."

"Nitakuwa hapo," Motari akamwambia.

Kusema ni rahisi. Mwanamume hakaribii mlango wa chumba cha uzazi. Kwa Wakisii ni hivyo, kwa Wakuria ni hivyo, na kwa Wajaluo wenye nchi ni hivyo hivyo. Mama yake Motari alikuwa amefariki. Mama yake Nyamoita miguu ilikuwa imekataa safari. Basi Fardowsa akasema, "Nimezaa sita. Siku ikifika nitakaa na huyu msichana kama kupe, mpaka yeye mwenyewe aniambie toka." Akampa na leso mpya kabisa, ya manjano yenye korosho nyekundu, iwe tayari. Motari akaanza kula tena.

Siku yenyewe ilikuja kabla ya kutazamiwa. Ilikuwa siku ya soko, jua kali, vumbi la ng'ombe limesimama hewani kama moshi usio na haraka. Fardowsa alikuwa ameenda Homa Bay kuchukua mzigo wa nguo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nyuma ya kituo kidogo cha afya, nikingoja kidonda changu cha mguu kifungwe, na usingizi wa joto ulikuwa umeanza kunibembeleza. Nikaona mkokoteni wa ndizi unaingia getini. Juu yake kulikuwa na majani ya migomba, na juu ya majani alikuwa Nyamoita, ameshika kingo za mbao kwa mikono miwili, na Motari anasukuma huku akimwambia, "Tumepita posho mili. Hilo ni geti. Sasa ni kivuli."

Nilifuata mpaka mlangoni. Sista Perpetua alikuwa peke yake zamu ile, mama mfupi, mikono ya gauni imekunjwa. Alimshika Nyamoita kiuno akamwingiza, halafu akageuka.

"Nani anakaa na yeye?"

"Mimi," Motari akasema.

"Wewe ni mama yake?"

"Mimi ni bwana yake."

"Bwana anangojea getini na wenzake. Hapa wanaume hawaingii."

"Sista, niliahidi."

"Uliahidi wewe, mimi sikuahidi. Omera, toka mlangoni nipite, nina maji ya moto."

Nilimwona Motari akirudi nyuma. Macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyeangusha kitu mtoni akakisikia kinazama. Halafu akauzunguka ule ukuta, nami nyuma yake nikichechemea, akapapasa kwa kiganja, mpaka akafika dirisha lililokuwa juu ya benchi langu. Lilikuwa dirisha la vipande vya vioo vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, viwili vimeng'oka. Akapanda kwenye jiwe, akaweka mdomo pale penye pengo.

"Nyamoita," akasema. "Mimi niko hapa juu. Mzee wa kamba yuko hapa pia, ana mguu mbaya. Jua liko juu ya tangi la maji. Ng'ombe wanarudi kutoka sokoni, wa kwanza ana pembe moja."

Kwenye benchi kulikuwa na mama mwenye mtoto wa kikohozi. Akanigusa. "Jaduong', huyu anatangaza mpira?"

"Anaongea na mkewe."

"Mkewe anazaa, au anasikiliza redio?" Na wenzake wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, kwa kweli ilichekesha.

Kichwa cha sista kikatokea dirishani. "Nani anapiga kelele hapa?"

Motari akanyamaza. Na katika ule ukimya tukamsikia Nyamoita, sauti imebana, "Mwache, sista. Mwache aseme."

Sista alimtazama Motari kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho. "Sema," akamwambia. "Lakini kusukuma, hiyo nitasema mimi. Wewe kaa na ng'ombe zako."

Basi akasema. Sijui alisema kwa muda gani, maana joto lilikuwa limenilegeza na maneno yake yalikuwa yanapita juu yangu kama kivuli cha ndege. Alisema wote waliopita barabarani. Mtu wa baiskeli amebeba kitanda. Wasichana wawili wameshikana vidole. Kuku amesimama kwa mguu mmoja, anafikiri. Kutoka ndani tulisikia mguno, halafu pumzi ndefu, halafu mguno, na kila mguno ulipokuja Motari hakupandisha sauti, aliishusha.

Halafu barabara ikaisha watu. Alitazama huku na huku, hapana mtu, soko limetawanyika, vumbi limeshuka. Nikadhani sasa atanyamaza. Akafumba macho akaendelea.

"Wanakuja ng'ombe wengine," akasema. "Hawa ni wa kwenu. Ni wa mama yako, Nyamoita. Yule mwekundu yuko mbele, yule wa kukataa kukamuliwa. Wametoka Kehancha, wamekanyaga mto Migori, kwato bado zina maji. Mama yako yuko nyuma yao anatembea vizuri kabisa, miguu imepona. Amebeba kibuyu. Hana haraka."

Mimi ni mtu mzima na nilikuwa nimekaa pale na macho yangu. Lakini ninawaambia niliwaona wale ng'ombe. Walipita getini mmoja mmoja bila sauti, mgongo mwekundu, mgongo mweusi, na harufu ya maziwa ikaja. Yule mama wa mtoto wa kikohozi alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa ametazama barabara tupu, mdomo wazi kidogo.

"Sasa wamefika ziwani," Motari akasema, ingawa kutoka pale ziwa halionekani. "Maji ni meupe. Wanakunywa pale Mbita, feri imewangojea."

Ndipo wingu likaja. Kule kwetu mvua ya alasiri haibishi hodi. Ilitoka upande wa ziwa, giza likapanda, upepo ukageuza majani, na matone makubwa yakaanza kupiga bati. Kwanza moja moja. Halafu yote. Yeyote aliyekaa chini ya bati la zahanati wakati wa mvua anajua, hata aliye karibu nawe unamwona anafungua mdomo tu. Watu wa benchi wakakimbilia barazani. Mimi nilibaki nimejibanza ukutani kwa ajili ya mguu, na Motari juu ya jiwe lake, maji yanamtiririka, anapiga kelele ndani ya lile pengo, na sauti yake ilikuwa hainifikii hata mimi niliye miguuni pake.

Nilimwona anaelewa. Mkewe yuko ndani ya kelele ile, sista anakwenda na kurudi kwa wagonjwa wengine, na yeye hasikiki. Akapapasa begani. Ile leso ya Fardowsa ilikuwa imefungwa hapo. Akaipindapinda ikawa kamba, akaipitisha penye vioo vilivyong'oka, akaishusha ndani, mkono kwa mkono, kama anavyoshusha mtu.

Akangoja. Ikavutwa mara moja.

Motari akacheka kwenye mvua, meno yote nje. Akavuta na yeye, polepole, mara moja. Ikajibiwa. Wakawa hivyo, leso imekaza, imelegea, imekaza. Mara nyingine ilikaza kwa nguvu mpaka akapiga goti kwenye ukuta, na nilijua ule uchungu umekuja, na alishikilia bila kuvuta, amefumba macho, midomo inasema vitu ambavyo mvua ilikuwa inavichukua. Nilikuwa nimeuza kamba miaka mingi. Sijaona kamba iliyosema kama ile.

Halafu ikaja mara tatu. Tatu, ndefu, moja juu ya nyingine.

Bila shaka ulikuwa ni uchungu tu, uliokuja mawimbi matatu, na mwanamke anashika alichonacho. Lakini mikono ya Motari ilikuwa mikono ya mashimoni. Haikuuliza. Ilivuta kama inavyovuta mtu aishi, kwa mgongo wote, na leso ikatoka dirishani, yote, ikamwangukia kifuani. Haikuwa na mtu.

Kamba kupanda tupu ni jambo ambalo watu wa mashimo hawalisemi hata wakiwa wamelewa. Motari alisimama na ile leso imelowa, akiitazama. Ndani, katikati ya kelele za bati, nilisikia au nilidhani nasikia sauti ya Nyamoita, nyembamba, ikimwita. Motari akatazama shimo la dirisha. Akanitazama mimi. Akaiweka leso magotini mwangu, akashuka kwenye jiwe, akazunguka ukuta anakimbia.

Yaliyo ndani aliniambia mwenyewe, baadaye sana. Alisema aliusukuma mlango, na chumba kilikuwa cheusi kwa sababu ya wingu, na bati linanguruma mpaka mifupa inasikia. Alipopiga hatua ya kwanza kuta zilimkaribia. Zilimfika kifuani, vile vile kama udongo wa siku ile. Alisema kama kungekuwa na mtu juu yake na kamba, angevuta mara tatu. Lakini juu hakukuwa na mtu, maana mtu wa juu alikuwa ni yeye, na yeye ameshaingia. Basi akaendelea kushuka.

Sista Perpetua hakugeuka. Alisikia upepo tu. "Funga mlango, maji yanaingia," akasema. Halafu, bado hajageuka, "Kaa kichwani kwake. Huku kwangu usiangalie."

Akapiga magoti kichwani. Nyamoita alikuwa ameng'ata midomo, jasho limemfunika uso. Alifungua macho akamwona, maji ya mvua yanamdondokea.

"Leso ilikimbia," akamwambia.

"Niliivuta mimi. Ulivuta mara tatu."

"Sikuhesabu, Motari."

"Najua."

Akamtazama vizuri, kama mtu anayeona kitu kipya kwenye uso wa zamani. "Umeshuka," akasema.

"Nimeshuka."

"Sema basi."

Motari akatafuta la kusema. Hapakuwa na barabara, wala ng'ombe, wala jua. "Huku sioni kitu," akasema.

"Basi kaa."

Akakaa. Akamshika mikono yote miwili, na yule mtu aliyesema miaka yake yote hakusema neno tena. Sista alisema sasa, akasema tena, akasema bado kidogo nyar Kuria, binti wa Wakuria, usiniachie hapo, akasema sasa. Mvua ilikuwa ikipiga. Alisema alijisikia yuko ndani kabisa ya nchi, wawili tu na ile sauti ya sista mahali fulani, na pumzi ya Nyamoita ndiyo iliyokuwa inampitisha mahali pembamba, na hakujua tena ni nani anamtoa nani.

Sisi nje tulijua mvua ilipopungua. Ilianza kuchambuka, tone hapa tone kule, na chini yake kukawa na sauti nyingine, ndogo, yenye hasira. Yule mama wa barazani akasema, "Ni msichana huyo. Wavulana huanza na kikohozi." Na alikuwa msichana.

Sista alimfukuza Motari upesi. Tulimsikia mlangoni. "Sasa toka kabla watu hawajasema nimefungua zahanati ya wanaume. Mkeo mzima, damu imesimama, anataka chai."

Akaja akakaa kando yangu kwenye benchi lililolowa. Nguo zake zilikuwa zinatoa mvuke maana jua lilikuwa limerudi. Yule mama akamchungulia.

"Na sasa redio imezima?"

"Betri imelowa, mama," Motari akamjibu, na wote wakacheka, yeye mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho.

Hapo ndipo Fardowsa alipofika, furushi la nguo kichwani, tope mpaka magotini, analalamika kuhusu dereva, barabara, na mtoto asiyeweza kungoja mwenye ahadi. Akaona leso yake magotini mwangu, imesokotwa, inachuruzika.

"Hiyo nini? Nilitoa leso, mmeifanya kamba ya ng'ombe?"

"Ya mtu," nikamwambia.

Akatazama dirisha, akamtazama Motari. Halafu akaweka furushi chini, akachomoa leso nyingine, kavu, bado inanuka duka. "Mpe huko ndani. Mtoto asifunikwe magazeti."

Motari akapanda tena kwenye jiwe. Hakuipinda safari hii. Aliishika ncha moja, ile nyingine akaipitisha penye pengo, akangoja.

Ikavutwa mara moja, kidogo tu. Akaishikilia pale, hakuachia, mpaka Nyamoita akasema kutoka ndani, kwa sauti ya mtu mwenye usingizi, "Leta basi, anasikia baridi."

Akaachia. Ikaingia yote.